Tovuti ya Kumtafuta Nelio

Ukurasa wa kwanza alioutengeneza Dalila Domingo ulikuwa wa kijani kibichi, maandishi yake mekundu, na pembeni kulikuwa na mawaridi sita yaliyokuwa yakifumba na kufumbua bila kuchoka. Chini ya mawaridi kulikuwa na bendera mbili, na chini ya bendera njiwa anayepiga mabawa pasipo kwenda popote. Baada ya njiwa ndipo ilipoandikwa shida yenyewe: familia moja ya Likombe, Mtwara, inamtafuta kijana wao Nelio, aliyepotezana na wazazi wake kwenye Mto Ruvuma mwaka 1988. Mtu ilimbidi angoje dakika nne picha zote zifunguke ndipo ajue kwamba kuna anayetafutwa.

Ilikuwa Juni 2006, siku ya Jumatano, na duka la intaneti karibu na soko lilikuwa limejaa. Idrisa, aliyekuwa akiliendesha duka hilo na kumfundisha Dalila bure wateja wanapopungua, aliufungua ukurasa kwenye mashine kubwa ya mlangoni. Hakuwa na nia mbaya. Alitaka tu kuona kazi ya mwanafunzi wake ikoje.

"Hii harusi ya nani?" aliuliza bwana mmoja aliyekuwa akingoja zamu yake.

Duka zima likacheka. Dalila aliinamisha macho akaangalia kandambili zake. Alikuwa na miaka ishirini, amemaliza kidato cha nne, anafundisha chekechea ya kanisa, na nusu ya posho yake ilikuwa ikiishia hapa kwa nusu saa nusu saa. Kilichomuuma hakikuwa kuchekwa yeye. Maua yale aliyachagua baba yake. "Weka maua, mwanangu," alikuwa amemwambia kwa lafudhi yake ya Kimakonde. "Nyumba ya ntu anayengoja mgeni haiwi kavu."

"Usijali, dada," Idrisa alisema baada ya watu kurudi kwenye mashine zao. "Wote tunaanzia kwenye maua. Mimi ukurasa wangu wa kwanza niliweka simba anayenguruma, wateja wakazima mashine. Vuta kiti."

Akavuta.

"Mtu akifungua ukurasa wako hana subira. Analipia dakika. Kwa hiyo cha muhimu kikae juu, akione kabla hajapiga miayo. Karatasi nyeupe, wino mweusi. Picha isiyo na kazi itoe. Yenye kazi ipunguze kwanza ndipo uipandishe. Na weka mahali pa mtu kukujibu."

"Nimeweka kitabu cha wageni, kaka Idrisa."

"Kiko wapi? Sikioni."

"Chini ya njiwa."

Idrisa alijizuia kucheka, akakohoa badala yake. "Kipandishe. Halafu kuna jambo moja wengi hawalifanyi, na ndilo kubwa kuliko yote. Kabla hujaandika, jiulize mgeni wako ni nani, na anakuja na neno gani mdomoni. Siyo neno unalolipenda wewe. Neno lake. Hii mashine ya kutafuta haina huruma wala haijui kubahatisha, inaleta lile lile mtu aliloandika. Sasa tuseme kaka yako amekaa mbele ya kompyuta huko aliko. Anatafuta kwao. Ataandika nini?"

Jibu Dalila alikuwa nalo. Lilimjia mara moja.

"Jina lake," alisema.

"Basi unalo. Nelio. Lipeleke juu kabisa."

"Hilo yeye halijui," Dalila alisema kwa sauti ambayo hata yeye mwenyewe hakuisikia vizuri.

"Unasemaje?"

"Nasema asante, kaka."

Hapa lazima nieleze kidogo, kwa kuwa si kila msomaji amekulia kwa Wamakonde. Mtoto wa kiume anakuwa na jina la utotoni, na siku anapotoka jandoni analivua. Anatangaziwa jina jipya mbele ya watu, na tangu hapo la zamani halitajwi. Anayelitaja anamtukana mwenzake, na wapo waliotozwa mbuzi kwa kosa hilo.

Celeste, mama yake Dalila, alizaa watoto wawili wakafa kabla ya kutambaa. Wa tatu alipozaliwa akampa jina baya makusudi, ili kifo kimdharau kipite: Makombo, kama chakula kinachobaki sahanini watu wakishashiba. Mtoto akaishi. Mwaka 1988 walipokuwa wakikimbia vita vya Msumbiji, upande wa pili wa Ruvuma, mitumbwi ilikuwa miwili, na wa kwanza ulikuwa unaingiza maji. Domingo, baba yake, alimnyanyua mtoto kwa mikono yake mwenyewe akamtia kwenye mtumbwi wa pili, kwa mjomba wake, kwa sababu ulikuwa mzima. Ule unaovuja ulifika. Ule mzima ulisikia risasi, ukageuza. Makombo alikuwa na miaka sita, na Dalila alikuwa mgongoni kwa mama.

Mwaka 1994 watoto wa rika lake waliokulia upande huu walitoka jandoni. Domingo alikwenda akasimama kwenye mstari wa akina baba, akaacha nafasi tupu mbele yake pale ambapo mtoto angesimama. Zamu yake ilipofika alitangaza kwa sauti kubwa, "Ntoto wangu anaitwa Nelio!" Wapo watu wazima waliolia siku ile. Tangu hapo Celeste akawa Mama Nelio, na lile jina la kwanza halikutamkwa tena chini ya paa lao.

Jioni ya Jumatano ile ya kuchekwa dukani, Domingo alirudi kutoka Mpapura, alikokuwa na mikorosho yake themanini. Ulikuwa msimu wa kupuliza salfa, dawa ya unga ya mikorosho. Nguo zake zilikuwa za njano, nyusi za njano, macho mekundu yanamchuruzika. Celeste alimmiminia maji ya kunawa, kisha akarudi kugeuza makopa yake ya muhogo yaliyoanikwa uani.

Dalila alingoja ale kwanza. Alieleza habari za karatasi nyeupe na wino mweusi, na Domingo akayakubali yote kwa shingo upande, hata maua kutolewa. Kisha akaeleza lile la mwisho.

"Kaka Idrisa anasema tuandike jina ambalo yeye atalitafuta, Baba."

"Si tumeandika?"

"Tumeandika jina la jandoni. Alipopotea hakuwa nalo. Hakuwa na habari nalo. Yeye anajua lile..." Akasita. "Lile la mwanzo."

Celeste aliacha kugeuza makopa. Hakugeuka.

"Dalila," Domingo alisema. Kiswahili chake kilikuwa bado na Kimakonde tele ndani yake, na alipokuwa na uchungu kilizidi. "Kaka yako ana miaka mingapi sasa?"

"Ishirini na nne."

"Ntu nzima. Pengine ana nke. Unataka nimwite jina hilo mbele ya dunia? Rafiki zake wasome? Wakweze wasome? Mimi baba yake ndiye nimvue nguo?"

"Lakini Baba, asipoliona atajuaje ni sisi?"

"Ataona Ruvuma. Ataona mwaka. Kovu la moto kwenye paja la kulia, si umeandika?"

"Nimeandika. Ila mashine haitafuti kovu, Baba. Mtu anaandika jina."

Domingo alinyanyuka. Hakuwa mtu wa kupiga wala kufoka, na pengine angefoka ingekuwa nafuu. "Sikiliza, mwanangu. Jina la utoto linabaki kwa nani? Kwa aliyekufa ntoto. Huyo ndiye anazikwa nalo. Ukiliandika pale juu unanambia ntoto wangu hakukua. Mimi nasema alikua. Basi."

Sitamlaumu Domingo kirahisi. Kwa miaka kumi na minane alikuwa akiishi na mikono iliyomtia mtoto kwenye mtumbwi wa pili. Jina la Nelio ndilo lililomwezesha kuamka asubuhi akaenda shamba. Dalila alilielewa hilo, akatii. Ukurasa mpya ukapanda: mweupe, mwepesi, unafunguka haraka, kitabu cha wageni kikiwa juu mahali jicho linapotua. Idrisa aliusifu. Kichwa chake kilisema, kwa herufi nene nyeusi, TUNAMTAFUTA NELIO.

Kwenye ukurasa huo kulikuwa na kaunta, kidude kidogo chenye tarakimu kinachohesabu waliofungua. Dalila alikiweka kwa kuwa kilikuwa cha bure. Domingo ndiye aliyekipenda kuliko kitu kingine chochote.

"Leo wageni wangapi?" aliuliza kila Dalila alipotoka mjini.

"Arobaini na mmoja, Baba."

"Juzi walikuwa thelathini na nane! Watatu wamekuja." Alikaa akiwaza hao watatu. Alitaka kujua walifika saa ngapi, walikaa kwa muda gani, kama waliondoka wakiwa na huzuni. Kitabu cha wageni kilikuwa kitupu, isipokuwa mtu mmoja aliyeandika kwa Kiingereza kutangaza dawa za kupunguza unene. Domingo alisema wengine ni watu wa aibu, na kwamba kuandika si kazi ya kila mmoja.

Mwaka ukapita hivyo. Hadi Juni 2007 kaunta ilikuwa imefika mia tatu na kumi na mbili, na hakuna mtu pale Likombe ambaye hakuwa ameambiwa. Domingo aliwatajia wanunuzi wa korosho na majirani bombani. Jumapili moja baada ya misa alimtajia Mikaeli, katekista, mbele ya watu waliokuwa wamesimama nje ya kanisa.

"Mia tatu na kumi na mbili," alisema. "Dunia nzima inamtafuta ntoto wetu."

"Mungu ni mwema," alisema Mikaeli. "Wanatoka nchi gani hao, Mzee Domingo?"

Domingo alimgeukia binti yake awajibu.

"Haionyeshi nchi," Dalila alisema.

Mtoto wa Mikaeli, aliyekuwa amekuja likizo kutoka chuoni Dar, akadakia. Hakuwa mtukutu, alikuwa anajua tu, na alikuwa bado kwenye umri wa kutoweza kunyamaza na jambo analolijua. "Kaunta za bure zinahesabu kila ukurasa unapofunguliwa. Hata mwenye tovuti akifungua mwenyewe inaongeza. Dada, wewe huwa unafungua mara ngapi kwa wiki?"

Mama mmoja akajifanya kufunga kanga ya mtoto. Domingo alikuwa bado anatabasamu, kwa kuwa hakuwa ameelewa, na tabasamu lile Dalila hakuwahi kulisahau.

Njiani kurudi nyumbani aliuliza. "Yule kijana alisema nini?"

"Alisema mimi nikifungua, inahesabu, Baba."

"Mara ngapi?"

"Kila ninapofungua. Na kaka Idrisa akifungua kuangalia. Na wanafunzi wake anapowaonyesha mfano."

Domingo alikuwa amevaa koti lake la Jumapili, mikono ya koti imempita vidole. "Kwa hiyo mwaka mzima," alisema mwishowe, "wewe ndiye uliyekuwa unabisha hodi."

"Wengi ni mimi, Baba. Nisamehe."

Alimshika bega akaendelea kutembea. Hakumuuliza tena habari za wageni.

Jumanne asubuhi, Domingo akiwa ameshaondoka kwenda Mpapura, Celeste alimwita Dalila jikoni. Alikuwa anatwanga. Hakuacha kutwanga alipoanza kusema, na Dalila alielewa kwamba mchi ule ulikuwa unampa mama yake ujasiri.

"Lile jina liandike," alisema.

"Mama?"

"Lile la mwanzo. La Nelio alitoa baba yako, hilo ni lake, analinda. Lile nilitoa mimi. Nilimpa siku aliyozaliwa, kabla hajanyonya. Langu naliruhusu."

"Baba atasemaje?"

"Baba yako hajui kusoma kompyuta." Celeste alitwanga mara tatu, nne. "Mimi nilikuwa nayaamini yale ya mia tatu, unajua? Nilikuwa nalala nikisema, katika mia tatu hakosi mmoja. Kumbe ni sisi wenyewe tunazunguka nyumba yetu. Liandike, mwanangu. Liandike kubwa."

"Mama, litamke basi. Nisikie."

Celeste alitikisa kichwa, akaendelea kutwanga.

Siku hiyohiyo Dalila alikwenda kwa Idrisa, akafuta kichwa cha ukurasa, akaandika upya: MAKOMBO, MTOTO WA KIVUKO CHA RUVUMA, 1988. MAMA YAKO ANAKUTAFUTA. Jina la Nelio alilishusha chini, kwenye maelezo. Idrisa alisimama nyuma ya kiti chake akasoma.

"Makombo ndiye nani?"

"Ndiye yeye."

"Na muda wote huu..." Idrisa alianza, kisha akamwona usoni. "Sawa, dada. Sasa mashine itaishika. Huwa inachukua wiki mbili, tatu."

Ilichukua siku kumi na saba. Ijumaa moja ya mwezi wa saba Dalila aliingia dukani akiwa ametoka chekechea, vidole vina chaki, akafungua kitabu cha wageni kama anavyofungua siku zote, bila kutegemea. Palikuwa na ujumbe. Aliusoma hadi mwisho. Akaanza tena juu. Kisha akamwomba Idrisa amchapie, na alipotaka kulipia karatasi Idrisa alikuwa naye ameshasoma, akaurudisha mkono wake.

Nyumbani Domingo alikuwa amerudi mapema kwa sababu salfa ilikuwa imekwisha. Alikuwa amekaa kizingitini, Celeste kwenye mkeka. Dalila alisimama mbele yao na ile karatasi. Alikuwa amepanga njiani namna ya kuanza, ila yote yalimpotea.

"Kuna mtu ameandika," alisema.

Domingo alinyanyuka nusu. "Mgeni?"

"Mgeni, Baba. Wa kweli. Kaa."

Akasoma.

"Nawasalimu. Naitwa Kassimu, ni karani wa ofisi moja hapa Pemba, Msumbiji. Leo nimeandika neno Makombo kwa mazoea tu, na ukurasa wenu umetokea. Ofisini kwetu alikuwapo mlinzi jina lake Makombo, ana kovu la moto paja la kulia. Mjomba aliyekuwa naye alikufa kwa risasi kivukoni, yeye akaokotwa na mama mmoja wa mji wa Palma akamlea. Jina la baba yake hakulijua, alisema ni Baba tu. Alipokua walitaka kumpeleka jandoni apewe jina jingine kama wenzake, akakataa. Alitahiriwa hospitali, jina akalikataa. Alichekwa sana. Hata watoto wa mtaani walimfuata nyuma wakimwimbia. Mimi pia nilimuuliza, ndugu, kwa nini usibadili, wewe ni mwanaume mwenye mke? Akasema, mama yangu akija kunitafuta ataulizia Makombo. Akiambiwa hapa hayupo mtu wa jina hilo, atarudi."

Celeste aliziba mdomo kwa upindo wa kanga. Dalila alijikaza akaendelea, maana angesimama asingeweza kuanza tena.

"Intaneti ililetwa ofisini kwetu mwezi wa saba mwaka jana. Tangu hapo kila Ijumaa baada ya kazi alikuwa akinijia, tunaandika jina hilo tunatafuta. Zilitoka habari za vyakula tu. Alikuwa anacheka anasema, wiki ijayo. Mara ya mwisho ni Januari, kisha nikahamishiwa stoo. Makombo alifariki tarehe tisa Machi, homa ya siku nne. Mkewe anaitwa Somoe, amekaa hapa pembeni yangu ninapoandika. Hawakujaliwa mtoto. Anawasalimu mama na baba. Anauliza, kwa nini jina mmeliweka sasa?"

Karatasi ilikuwa imekwisha. Kuku walikuwa wanadonoa makopa na hakuna aliyewafukuza.

"Rudia," Domingo alisema.

"Yote, Baba?"

"Pale alipokataa."

Dalila akarudia. Alitahiriwa hospitali, jina akalikataa. Domingo alikuwa akisikiliza huku akiiangalia mikono yake, ameigeuza viganja juu, ina ungaunga wa njano kwenye mikunjo.

"Mwezi wa saba mwaka jana," alisema. "Sisi ukurasa tuliuweka lini?"

Dalila aliikunja karatasi.

"Nakuuliza, mwanangu."

"Mwezi wa sita."

Hapo Celeste alisimama. Alitoka hadi katikati ya uwanja, akageukia upande wa barabara, na kwa sauti ile ambayo mama anamwita mtoto aje kula chakula kabla hakijapoa, akaita, "Makombo!" Jirani akatoa kichwa mlangoni. "Makombo, wee! Makombo!" Aliita mpaka sauti ikakatika, miaka kumi na mitatu ya jina lile ikitoka yote kwa mara moja. Domingo hakumkataza. Alikuwa amejikunja pale kizingitini, na analia kwa sauti, mzee mzima, bila kujificha uso.

Msiba waliuweka siku tatu, bila kaburi. Waliokuja kuhani walisema pole Mama Nelio, na Celeste akawarekebisha mmoja mmoja kwa upole, mlangoni hapo hapo, kabla hawajaketi. "Mimi ni Mama Makombo," alisema. Baadhi ya wazee wa Kimakonde walitazama chini kwa aibu. Mmoja alimnong'oneza Domingo amzuie mkewe, huo ni mwiko. Domingo alimwambia, "Mwiko nimeutunza mimi. Umeona ulivyonilipa?" Mzee yule akaomba maji.

Siku ya nne Domingo alimwambia Dalila ampeleke kwenye hiyo intaneti. Hakuwahi kufika. Mwaka mzima alikuwa akisema pale ni mahali pa wasomi. Walipitia kwanza Mpapura kuchukua pampu ya kupulizia aliyokuwa ameiazima na sasa anairudisha, kwa hiyo aliingia dukani na nguo za shamba, na alipokaa kwenye kiti, unga wa njano ukabaki kwenye meza. Msichana wa mashine ya jirani alisogeza begi lake. Domingo aliona, akakusanya viwiko vyake kifuani achukue nafasi ndogo zaidi.

"Karibu, mzee wangu," Idrisa alisema. "Shikamoo. Pole sana kwa msiba."

"Marahaba, mwanangu. Nimeshapoa." Akaugeukia uso wa mashine. "Ndiyo wenyewe huu?"

"Ndiyo huu, Baba."

Alitazama kwa muda mrefu karatasi ile nyeupe na maandishi yake meusi. Hakujua kusoma vizuri, lakini neno la kwanza la juu alilifuata kwa kidole, herufi moja moja, mpaka mwisho wake.

"Yule nke wake ameuliza swali," alisema. "Haifai ntu kuuliza asijibiwe. Andika."

Dalila akafungua kitabu cha wageni.

"Andika, Somoe, mwanangu. Mimi ni Domingo, baba yake. Jina nililikataza mimi."

Dalila aliandika, akangoja. Vidole vyake vilikuwa juu ya herufi. "Halafu?"

"Halafu nini? Ameuliza kwa nini. Ndiyo hiyo." Alifikiri kidogo. "Mwambie nyumba yake iko Likombe. Akitaka kuja aje, mama yake anamngoja. Baada ya hapo tuma."

Akatuma.

"Na huku chini umeandika nini?" Alionyesha mahali kwenye maelezo, kwa kukisia tu.

"Hapo ndipo pana jina la Nelio, Baba."

"Ntoe."

"Nimtoe?"

"Ntoe, mwanangu. Huyo hakuwahi kuwapo. Aliyekuwapo ni mwenzake."

Dalila alilifuta. Lilikuwa jina la herufi tano, halikuchukua muda. Akahifadhi, kisha akaufungua ukurasa upya ili baba yake auone ulivyo sasa. Kule chini, ile kaunta ikaruka ikaongeza moja. Domingo aliiona. Idrisa naye aliiona, akageuza uso upande wa mlango.

"Huyo ni sisi," Domingo alisema.